Kutumia safaktanti kusafisha udongo na maji ya ardhini yaliyochafuliwa

Ukivuta maji kutoka tabaka lililochafuliwa na petroli, dizeli, kreosoti au vimumunyisho vya klorini kama tetrakloroetileni (PCE), ukolezi hushuka haraka mwanzoni, kisha hugoma. Ukizima pampu, hupanda tena. Chanzo ni kichafuzi chenyewe kikiwa bado kimiminika: matone yaliyonaswa katikati ya punje za mchanga, yanayoyeyuka kidogo kidogo kwenye maji yanayopita. PCE huyeyuka takriban miligramu 200 tu katika lita moja ya maji. Kwa kikomo cha maji ya kunywa cha Marekani, mikrogramu 5 kwa lita, kilo moja ya PCE inatosha kuharibu lita milioni 200. Ndiyo maana pampu peke yake inaweza kufanya kazi miongo kadhaa bila kumaliza.

Safaktanti, yaani kemikali ya aina ya sabuni, hufupisha muda huo kwa kung'oa matone hayo na kuyafanya yasafiri na maji. Lakini haiharibu chochote. Kichafuzi kilichokuwa kimekwama mahali pamoja sasa kinatembea, na kitakwenda kokote maji yanakokwenda. Kwa hiyo kazi yote iliyoelezwa hapa inasimama juu ya sharti moja: mtiririko wa maji uwe mikononi mwako kabla lita ya kwanza ya safaktanti haijaingia ardhini, na uendelee kuwa mikononi mwako hadi safaktanti itoke. Kumwaga sabuni juu ya ardhi iliyomwagikiwa dizeli, bila visima vya kuvuta, ni kuisindikiza dizeli hiyo hadi kwenye maji.

Inavyofanya kazi, na kwa nini kuna njia mbili

Kila molekuli ya safaktanti ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Ukolezi ukivuka kizingiti fulani, molekuli hujikusanya kuwa miseli, yaani vifurushi vidogo vyenye mikia ndani na vichwa nje. Kichafuzi huingia ndani ya miseli na kusafiri humo. Chini ya kizingiti hicho hupati faida ya maana. Sodiamu dodesili salfeti (SDS) inahitaji takriban gramu 2.3 kwa lita ya maji safi ili ianze kuunda miseli. Tween 80 huhitaji makumi machache tu ya miligramu. Shambani tunafanya kazi juu sana ya vizingiti hivi, kwa kawaida asilimia 1 hadi 8, kwa sababu uwezo wa kubeba huongezeka kadiri miseli zinavyoongezeka, na kwa sababu sehemu ya safaktanti itanata kwenye udongo.

Njia ya kwanza ni kuyeyusha: matone yanabaki pale pale huku miseli zikiyamega hadi yaishe. Njia ya pili ni kusukuma: unashusha mvutano wa mpaka kati ya mafuta na maji kiasi kwamba matone yanaachia na kuanza kutiririka yenyewe. Mvutano kati ya PCE safi na maji ni karibu millinyutoni 48 kwa mita. Ili matone yasukumike kwa mteremko wa kawaida wa maji, lazima ushuke hadi 0.1 au chini yake.

Kusukuma ni haraka na kunatumia kemikali kidogo. Kwa mafuta mepesi kuliko maji, kama petroli na dizeli, ni njia nzuri, kwani yakiachia huelea na kuvutwa. Kwa vimiminika vizito ni hatari. PCE ina densiti ya 1.62 na trikloroetileni (TCE) 1.46, yakiachia, huzama. Watu wengi hujituliza kwamba chini kuna mfinyanzi utakaoyazuia. Mfinyanzi huzuia PCE kwa sababu mvutano wa mpaka ni mkubwa: shinikizo linalohitajika ili kimiminika kiingie kwenye vitundu vyake vidogo huenda sambamba na mvutano huo. Ukiushusha kutoka 40 hadi 1, umepunguza kinga ya mfinyanzi mara 40. Dimbwi lililokaa salama juu yake kwa miaka 30 linaweza kupenya ndani katika siku chache. Kwa vimiminika vizito, basi, chagua kuyeyusha, isipokuwa una uhakika wa tabaka nene la mfinyanzi usio na nyufa na umehesabu kina cha dimbwi na shinikizo lake.

Eneo linalofaa

Mchanga na changarawe zenye upitishaji wa maji wa sentimita 0.001 kwa sekunde au zaidi zinafaa. Kati ya 0.001 na 0.0001 inawezekana, ila polepole. Chini ya hapo achana nayo, tafuta njia nyingine kama joto. Kinachosumbua zaidi kuliko wastani ni tofauti kati ya tabaka na tabaka: maji hufuata mchanga mkubwa na kuruka mchanga laini, na mara nyingi kichafuzi kimejificha hasa kwenye ule laini. Hilo lilionekana wazi Camp Lejeune, North Carolina, mwaka 1999, ambako PCE ya drai klina ilisafishwa vizuri kwenye mchanga wa juu, lakini ikabaki kwenye udongo laini wa chini ambako safaktanti haikupenya.

Kabla ya kubuni chochote, toa sampuli za udongo mfululizo kutoka juu hadi ndani ya tabaka la chini, bila kuruka. Pasua kila kipande na kukikagua. Kipande kidogo kikitikiswa kwenye chupa pamoja na maji na chembe za rangi ya Sudan IV, rangi itageuka nyekundu kali papo hapo ikiwa kuna kimiminika cha mafuta. Ikiwa kichafuzi kiko kwenye maji tu, haigeuki. Ni jaribio rahisi linalokuonyesha mafuta yako kwenye tabaka lipi. Rangi hiyo inashukiwa kusababisha saratani, kwa hiyo vaa glavu na usiimwage ovyo.

Pima pia ugumu wa maji (kalsiamu na magnesiamu), halijoto ya maji ya ardhini, kaboni ya kikaboni kwenye udongo, aina na kiasi cha mfinyanzi, na kina cha maji kwa misimu. Na jitahidi kupata kichafuzi chenyewe kutoka kisimani, hata mililita 200. PCE ya dukani na PCE iliyotumika kufulia nguo ni vitu viwili tofauti. Ile ya pili imebeba grisi na sabuni za zamani, na mchanganyiko ulioufanyia majaribio kwa PCE safi utakusaliti ukifika shambani.

Kuchagua safaktanti

Zile zenye chaji chanya ziondoe mara moja. Udongo una chaji hasi, kwa hiyo zinanata juu yake; tena zinafanya punje zivute mafuta badala ya kuyaachia. Zina kazi yake, kujengea ukuta wa kunasa vichafuzi, lakini si ya kuosha.

Zenye chaji hasi hazinati sana, na ndizo zinazoweza kushusha mvutano wa mpaka hadi chini kabisa kwa msaada wa chumvi na alkoholi. Ubaya wake ni kalsiamu. SDS ikikutana na maji magumu hutengeneza ukoko mweupe unaoziba vitundu. SDS pia hugeuka fuwele maji yakiwa baridi, karibu nyuzi 10 hadi 16 za Selsiasi, kwa hiyo myeyusho uliokuwa angavu maabarani unaweza kuganda kisimani. Sodiamu dihexili salfosaksineti, salfeti zenye mnyororo wa oksidi ya propileni na disalfoneti huvumilia zaidi. Hill Air Force Base, Utah, mwaka 1996, walitumia dihexili salfosaksineti kwa asilimia 8 pamoja na isopropanoli asilimia 4 na chumvi ya kawaida, wakaondoa takriban asilimia 98 ya kimiminika cha klorini kwenye eneo la jaribio. Pale mchanga ulikuwa umekaa ndani ya bonde la mfinyanzi, na jiolojia hiyo ilibeba sehemu kubwa ya mafanikio.

Zisizo na chaji, kama Tween 80, hazijali ugumu wa maji, zina kizingiti cha chini na huoza kwa urahisi. Zinanata kwenye udongo zaidi ya zile hasi, na hazishushi mvutano sana, jambo ambalo kwa vimiminika vizito ni faida. Bachman Road, Oscoda, Michigan, mwaka 2000, waliingiza Tween 80 kwa asilimia 6 kwenye chanzo cha PCE bila kukusudia kuisukuma.

Safaktanti za kibiolojia, kama ramnolipidi zinazotengenezwa na Pseudomonas aeruginosa na saponini za mimea, ni nzuri kwa udongo unaotibiwa na bakteria na kwa baadhi ya metali nzito. Changamoto ni kupata tani zenye ubora ule ule kila mara.

Sabuni ya unga na ya vyombo zisitumike hata kwa jaribio dogo. Zina manukato, vichochezi vya povu, fosfeti au vipausha ambavyo hukuvijua wala kuviombea kibali, na muundo wake hubadilika bila taarifa. Nunua bidhaa inayoeleza asilimia ya kiambato hai, maana nyingi huja na maji au alkoholi ndani.

Majaribio ya maabara

Anza na mirija. Chukua mirija ya kioo ya mililita 15 yenye vifuniko visivyopitisha mvuke. Weka mililita 5 za myeyusho wa safaktanti na mililita 5 za kichafuzi cha shambani katika kila mmoja. Safaktanti iwe ile ile, ila chumvi ipande hatua kwa hatua, tuseme kutoka 0 hadi asilimia 2 kwa hatua za 0.2. Pindua mirija polepole mara kadhaa, iache kwenye halijoto ya maji ya ardhini (si ya chumbani), kisha isome baada ya saa 24 na tena baada ya siku chache.

Chumvi ikiwa kidogo, mafuta huingia kwenye maji, na tabaka la chini au la juu la maji huwa angavu lenye rangi hafifu. Chumvi ikizidi, safaktanti huhamia kwenye mafuta, na hapo umeipoteza. Katikati hutokea tabaka la tatu, na hapo ndipo mvutano huwa mdogo kabisa. Hizi ndizo aina ya I, II na III katika uainishaji wa Winsor. Kwa kuyeyusha, baki aina ya I, mbali na mpaka wa aina ya III, kwa sababu shambani chumvi hubadilika: udongo hutoa kalsiamu, sodiamu hubadilishana nayo, na mchanganyiko uliokuwa ukingoni unavuka.

Kataa mchanganyiko wowote unaotoa uji mzito, utando au ute, au emalshani (mchanganyiko wa mafuta na maji) isiyotengana ndani ya siku moja. Ute huo ukitokea ndani ya mchanga, shinikizo la kuingizia litapanda na maji yatatafuta njia nyingine. Alkoholi kidogo, asilimia 2 hadi 8, kwa kawaida huuondoa. Mnato wa myeyusho ukizidi ule wa maji mara tatu au nne, fikiria upya.

Baada ya mirija, fanya jaribio la kunata: gramu 10 za udongo wa eneo husika kwenye mililita 30 za safaktanti, tikisa saa 24, tenganisha, pima kilichobaki. Kisha nguzo: bomba la kioo la kipenyo cha sentimita 2.5 hadi 5 lililojazwa udongo wa shambani, maji ya shambani, kichafuzi cha shambani. Pitisha maji kwanza, halafu safaktanti kwa kasi utakayotumia ardhini, kisha maji tena. Funga kipima shinikizo mlangoni. Ukiona shinikizo linapanda taratibu wakati safaktanti inapita, kuna ukoko au ute. Ukiona linapanda ghafla wakati maji safi ya mwisho yanaingia, mfinyanzi umetawanyika: sodiamu imekaa kwenye punje zake, na maji yasiyo na chumvi yamezilegeza. Dawa yake ni kutumia kloridi ya kalsiamu badala ya chumvi ya kawaida ikiwa safaktanti inavumilia, au kupunguza chumvi kwa hatua badala ya kukatisha mara moja.

Hesabu ya kiasi

Wengi hukadiria safaktanti kwa mazoea: ujazo mmoja na nusu au miwili ya vitundu. Anza na kichafuzi badala yake. Tuseme eneo la chanzo ni mita 5 kwa 6, unene mita 2, uwazi wa vitundu 0.30. Ujazo wa vitundu, yaani nafasi iliyo katikati ya punje, ni mita za ujazo 18. Ikiwa PCE imejaza asilimia 5 ya vitundu hivyo, kuna mita za ujazo 0.9, sawa na kilo 1,458.

Kwa maji matupu yanayobeba kilo 0.2 kwa mita ya ujazo, ungehitaji mita za ujazo 7,290, yaani ujazo wa vitundu mara 405, na hiyo ni kama kila tone la maji lingetoka limejaa PCE, jambo lisilotokea. Ikiwa safaktanti yako ya asilimia 4 inabeba gramu 20 kwa lita, mita za ujazo 73 zinatosha, yaani mara 4. Lakini si maji yote hugusa matone, na miseli hazijai kikamilifu zikipita kwa kasi. Panga mara 6: mita za ujazo 108, zenye kilo 4,320 za kiambato hai. Bidhaa ikiwa na asilimia 70, agiza kilo 6,170 hivi.

Ongeza kinachonata. Udongo kwenye eneo hilo, kwa densiti kavu ya karibu tani 1.85 kwa mita ya ujazo, ni tani 111. Safaktanti ikinata gramu 1 kwa kilo, unapoteza kilo 111, jambo dogo. Ikinata gramu 5 kwa kilo, kilo 555 zinapotea. Sehemu ya mwanzo ya myeyusho ndiyo inayomezwa, kwa hiyo hata ukiwa na kiasi cha kutosha, usitegemee PCE kupanda kisimani mapema kama modeli rahisi inavyodai.

Kwa eneo lenye PCE mara kumi ya hii, kuokoa na kurudisha safaktanti huacha kuwa hiari. Hapo ndipo bajeti ya mradi inapoamuliwa.

Visima

Mpangilio wa kawaida ni safu ya visima vya kuingizia upande mmoja au katikati na vya kuvuta upande wa pili, pamoja na visima viwili vya maji safi kwenye ncha ili kubana mtiririko. Skrini za visima vya kuingizia, yaani sehemu za bomba zenye matundu, ziishie ndani ya eneo la chanzo. Skrini ndefu hupeleka safaktanti pasipohitajika. Sakinisha pia visima vyembamba vya uangalizi vyenye sehemu za kuchotea kwa kina tofauti, angalau vitatu kati ya kuingiza na kuvuta na vingine nje ya eneo hilo.

Vuta zaidi ya unachoingiza, kwa asilimia 20 hadi 50. Kwa mfano wetu: ingiza lita 10 kwa dakika, vuta 14. Ujazo mmoja wa vitundu utachukua saa 30, na mara 6 zitachukua siku saba na nusu. Kabla ya safaktanti, endesha mfumo mzima kwa maji matupu hadi viwango vya maji vitulie, pima kila kisima, na uhakikishe maji yanateremka kuelekea ndani kutoka pande zote. Kisha tupia bromidi, chumvi ya kufuatilia njia ya maji, kwenye maji ya kuingizia na ufuate inavyotoka. Ikiwa chini ya asilimia 90 ya bromidi inarudi, mfumo unavuja. Rekebisha visima kwanza. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi ratiba inapobana, na ndiyo ambayo ikirukwa, kichafuzi hupatikana kwenye kisima cha jirani.

Kuna jambo moja la densiti ambalo modeli nyingi za haraka hulisahau. Gramu 20 za PCE zilizoyeyushwa kwenye lita moja huongeza uzito wake kwa karibu gramu 8. Nguvu ya kuzama inayotokana na tofauti hiyo ni sawa na mteremko wa 0.008 kuelekea chini, ilhali mteremko wa kawaida wa maji ya ardhini kwa mlalo ni kati ya 0.001 na 0.01. Myeyusho mzito hautembei mlalo, unajikunja kwenda chini na kupita chini ya skrini ya kisima. Ongeza mteremko wa kuvuta, weka skrini ya kuvuta hadi chini kabisa ya tabaka, au tia alkoholi ili kuupunguzia uzito.

Siku za kuingiza

Changanya kwenye tangi kwa maji yaliyochujwa na kulainishwa, kikorogeo kikiwa chini ya uso wa maji na kikizunguka taratibu. Ukikoroga kwa fujo utapata povu la mita moja na kipimo cha tangi kitakudanganya. Pitisha kwenye kichujio cha mikroni 5 hadi 10. Acha sampuli ya chupa kwenye halijoto ya ardhini usiku mzima. Ikifanya ukungu, usiingize.

Mfuatano ni huu: maji matupu, maji yenye chumvi ile ile ya mchanganyiko kwa takriban ujazo mmoja wa vitundu, safaktanti, maji ya chumvi inayopungua, kisha maji matupu hadi safaktanti ishuke chini ya kizingiti cha miseli. Awamu hiyo ya mwisho huhitaji ujazo wa vitundu 5 hadi 10. Pampu za kuvuta zisizime hata saa moja wakati safaktanti iko ardhini: weka jenereta ya akiba na pampu ya akiba, na uunganishe swichi ili ya kuingizia izime yenyewe ya kuvuta ikisimama.

Soma shinikizo la kuingizia kila saa. Likipanda, punguza kasi. Kuongeza nguvu hupasua ardhi na kutengeneza njia ya mkato hadi juu. Ukiona maji yanabubujika pembeni mwa bomba la kisima, simamisha uingizaji mara moja.

Vaa kwa kuzingatia kichafuzi. Glavu za nitrili, nzuri kwa mafuta, hudumu muda mfupi sana kwenye TCE. Zile za polivinili alkoholi huyeyuka kwa maji. Tumia za fluoroelastoma au za tabaka nyingi za plastiki. Isopropanoli hushika moto kwa cheche hata kwenye nyuzi 12, kwa hiyo pampu na taa za eneo la tangi ziwe za aina isiyolipua.

Maji yanayotoka

Hapa ndipo miradi mingi hukwama. Mnara wa kupuliza hewa, unaotoa PCE kwenye maji vizuri sana, hujaa povu hadi kwenye feni. Tena PCE iliyo ndani ya miseli haitaki kutoka kuwa mvuke, kwa hiyo mnara uliobuniwa kwa maji matupu utaondoa sehemu ndogo tu ya ulichotarajia. Dawa ya kuzuia povu husaidia ikitiwa kidogo. Ikizidi huziba vifaa. Membreni za nyuzi tundu, ambamo maji na hewa havichanganyiki, huondoa tatizo la povu kabisa, ingawa alkoholi na mafuta yaliyo huru huziharibu. Mkaa amilifu usiuweke mbele: safaktanti itaujaza kabla ya kichafuzi. Uweke mwisho, baada ya safaktanti kupungua.

Ukitaka kurudisha safaktanti, ondoa kichafuzi kwanza, kisha kichujio laini cha membreni kibakize miseli na kupitisha maji na chumvi. Kumbuka kwamba kwa lita 10 zilizoingia na 14 zilizotoka, asilimia 4 imekuwa chini ya 2.9, na chumvi na alkoholi vimepungua pia. Kila mzunguko upimwe na kusahihishwa kabla ya kurudi ardhini, na kibali chako kiruhusu kurudisha maji yenye mabaki ya kichafuzi.

Kuhusu upimaji: maabara inayopima PCE kwa mvuke wa juu ya sampuli itakupa namba ndogo kuliko ukweli, kwa sababu miseli zimeizuia. Agiza sampuli zipunguzwe kwa methanoli, na viwango vya kulinganishia vitengenezwe ndani ya safaktanti ile ile. Safaktanti yenye chaji hasi hupimwa kwa bluu ya methileni. Isiyo na chaji hukadiriwa kwa kaboni ya kikaboni jumla. Kwa haraka shambani, tikisa chupa: povu linalodumu linakuambia safaktanti imefika, ila halikuambii kiasi.

Udongo uliochimbwa

Kama uchafu uko juu na unaweza kuchimbwa, kuosha nje ni rahisi zaidi kudhibiti. Chekecha kuondoa vikubwa, changanya udongo na myeyusho wa asilimia 0.5 hadi 2 kwa uwiano wa 1 kwa 3 hadi 1 kwa 10 kwa uzito, koroga dakika 15 hadi 60, kisha tenganisha chembe ndogo kuliko mikroni 63 kwa haidrosaikloni, chombo kinachotenganisha chembe kwa kuzungusha maji. Suuza mchanga mara mbili na upime. Kichafuzi kingi hubaki kwenye chembe laini, na hizo bado ni taka. Chembe laini zikizidi theluthi ya udongo wote, utaishia na rundo la tope chafu linalogharimu zaidi kuliko kuosha kulivyookoa.

Baada ya pampu kuzimwa

Usipime mafanikio kwa kilo zilizotoka peke yake. Rudia sampuli za udongo pale pale ulipochimba mwanzoni, hasa mpakani mwa mchanga na mfinyanzi, na upime maji baada ya miezi 3, 6, 12 na 24. Ukolezi ukirudi kwenye kisima kimoja tu, kuna tabaka laini lililorukwa hapo. Ukirudi kwenye vyote, makadirio ya kichafuzi yalikuwa madogo.

Safaktanti iliyobaki italiwa na bakteria, na wao watamaliza oksijeni. Kwa dizeli na benzini hilo hupunguza kasi ya kujisafisha kwa muda. Kwa vimumunyisho vya klorini linaweza kusaidia: pale Bachman Road, miezi mingi baada ya kazi, kulionekana dalili za bakteria kuondoa klorini kwenye PCE iliyosalia, wakilishwa na Tween 80. Fuatilia hatua zote za mnyororo huo, TCE, sisi-dikloroetileni, vinili kloridi na etileni. Vinili kloridi ni sumu kuliko PCE yenyewe. Ikijikusanya bila etileni kuonekana, bakteria wanaomalizia kazi hawapo au ni wachache, na itabidi waongezwe. Visima vya kuingizia usivizibe kwa saruji hadi swali hilo lipate jibu, maana ndivyo utakavyowapitishia.